Kiwanda Kimoja, Wanunuzi Wawili

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Nitazungumzia kruza, yaani manowari za kasi za ukubwa wa kati, ambazo Japani ilizinunua ng'ambo mwishoni mwa karne ya 19, ilipokuwa ndiyo kwanza inajenga jeshi lake la majini.

Kruza hizo zilikuwa na sitaha ya chuma ndani ya meli, iliyoinama pande zote mbili mfano wa gamba la kobe. Chini yake zililindwa injini, boila na ghala za baruti. Ubavuni, kinga kubwa ilikuwa makaa ya mawe yaliyojazwa maghalani. Wapiga mizinga walioko juu hawakuwa na kinga kubwa. Sisi wa pwani tunaijua aina hii: Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilikuwa mojawapo.

Ya kwanza kabisa ilikuwa Esmeralda ya Chile, iliyokamilika 1884 katika kiwanda cha Armstrong, karibu na Newcastle. Japani haikukawia, iliagiza mbili hapo hapo, Naniwa na Takachiho, za tani kama 3,700 kila moja. Kisha China nayo ikabisha hodi kwa Armstrong, na mwaka 1887 ikakabidhiwa Zhiyuan na Jingyuan.

Hapa naomba tutulie kidogo. Baada ya 1888 kikosi cha kaskazini cha China hakikupata tena manowari kubwa kutoka nje. Fedha zilikuwa na wenyewe wengine, likiwemo kasri la mapumziko la Beijing. Japani, mwaka 1893, Mfalme Meiji alitoa sehemu ya matumizi ya ikulu, na watumishi wa serikali wakakatwa moja ya kumi ya mishahara, kwa miaka sita, ili meli zijengwe. Mwaka huohuo Armstrong waliimalizia Japani Yoshino: kasi ya noti 23, yaani maili 23 za baharini kwa saa, na mizinga ya kufyatua haraka.

Tarehe 17 Septemba 1894 wateja hao wawili walikutana vitani karibu na mdomo wa mto Yalu, mpakani mwa China na Korea, na Japani ikashinda. Yoshino iliongoza kikosi chepesi. Nyuma yake Takachiho, Akitsushima na Naniwa; nahodha wa Naniwa alikuwa Togo Heihachiro. Akitsushima iliundwa nyumbani, Yokosuka. Husimuliwa kwamba Deng Shichang, nahodha wa Zhiyuan, aliielekeza meli yake moja kwa moja kwa Yoshino aigonge. Ilizama kabla ya kufika, naye akafa pamoja na karibu mabaharia wake wote.

Wanaosema Wachina waliuziwa meli mbovu hawawatendei haki, wala wanaowaita waoga. Zhiyuan ilikuwa meli nzuri ya mwaka 1887, ikapelekwa kupigana na meli ya 1893.

Na Japani haikuacha kununua. Mwishoni mwa 1894 iliichukua Esmeralda yenyewe, ikaiita Izumi. Mei 1905, katika vita vya Japani na Urusi, mizinga yake ikiwa midogo mbele ya manowari za Urusi, Izumi iliwaandama Warusi kuelekea Tsushima, kati ya Korea na Japani, ikimpelekea Togo, sasa amiri, habari kwa simu ya upepo.