Maji Yakishakauka, Deni Linabaki

Ndugu zangu, nianze na lile swali, maana tukitaja mafuriko najua litaulizwa tu: "Mabondeni wanafuata nini?" Kila masika nalisikia, na nimechoka nalo.

Wanafuata soko. Muuza nyanya wa Mabatini, bondeni hapa Mwanza, anafika mjini kwa miguu. Mpeleke mbali, nauli ya daladala itameza faida yake yote. Halafu maji yenyewe hayatoki bondeni, yanatoka juu! Mji wetu umekaa juu ya mawe, na mvua ikipiga mwamba haizami, inateremka. Sasa tumejenga mpaka vileleni, kila bati linamwaga kwenye njia ileile, na yote yanaingia Mto Mirongo kwa mkupuo. Na huko juu, ambako gari la kunyonya maji machafu halipandi, wapo wanaosubiri mvua ikolee ndipo wazibue choo. Kinachoingia chumbani kwa mtu wa chini mnakijua. Halafu kipindupindu kikizuka tunashangaa.

Lakini nililokuja kusema ni hili la mtaji, na nitalisema mpaka lisikike. Mafuriko yakipita tunahesabu waliokufa na nyumba zilizoanguka. Lazima tuwahesabu, roho ya mtu haina bei. Ila tukifika hapo tunafunga daftari, na mwenye genge hayumo.

Mtazameni huyo mama. Maji yameingia saa nane usiku, alfajiri yameshatoka. Nyumba imesimama, watoto wazima, tunamwambia ashukuru Mungu. Anashukuru. Kisha anafungua genge. Kiroba cha sukari kimenywea, kimebaki mfuko unaonata. Unga umeshikana. Viberiti havifai hata kimoja. Friji alilonunua kwa awamu limejaa tope mpaka kwenye mota. Na Alhamisi kuna rejesho la mkopo wa kikundi! Kikundi kitamvumilia wiki moja, labda mbili, maana fedha ile ni ya wanakikundi wenzake. Ya tatu anakwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, anaweka rehani godoro, kitanda, televisheni. Miezi mitatu baadaye mtoto amerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule, na hakuna anayesema hayo ni mafuriko. Ni mafuriko!

Mtasema serikali haiwezi kumlipa kila mwenye genge. Sijasema alipwe. Nasema aandikwe. Hasara isiyoandikwa haiingii kwenye bajeti, ndiyo maana kila mwaka tunaambiwa kuzibua mitaro ni gharama. Gharama ukilinganisha na nini, kama ya huyu mama hatujaijumlisha?

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi Ziwa Victoria nitaligusa haraka. Ziwa ni mafuriko ya aina nyingine, linapanda polepole na haliondoki asubuhi. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolidondokea lenyewe, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, kule Jinja, Uganda. Wazee wanaikumbuka mvua ya 1961. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020 likakifikia kiwango kile na kukipita, na 2024 likarudia. Kwa hiyo mwalo uliozama, vichanja vya dagaa vilivyozama, na hoteli iliyoingiliwa na maji, vyote vilikuwa kwenye njia ya ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na isiishie kwa mvuvi mwenye kibanda cha mabati huku mwenye ukuta wa zege akiachwa. La miti vilimani nilitaka kulisema, muda hautoshi.

Wenyeviti wa mitaa mliopo hapa, vuli inaanza Oktoba. Mitaro izibuliwe Septemba, na lile tope lizolewe siku hiyohiyo, lisirundikwe pembeni lirudi na mvua ya kwanza. Na kwenye fomu za tathmini, baada ya safu ya nyumba, ongezeni safu ya mtaji: bidhaa, vyombo vya kazi, na deni analodaiwa. Kalamu tu inatosha.