Nani Anabisha Hodi? Mhadhara kuhusu Mitiririko ya Mtandao

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Najua kuna wenye kurudi Likoni na foleni ya feri haina huruma saa hizi, kwa hiyo sitazunguka.

Mnaijua ile orodha ya simu ulizopiga: namba, saa, dakika ngapi. Maneno yenyewe hayamo. Lakini mpe mke wa mtu karatasi hiyo uone kama atauliza kilichozungumzwa. (Kicheko.)

Data ya mitiririko ndiyo karatasi hiyo, ila ni ya mtandao. Ruta, kile kifaa cha kuelekeza data, hutazama mambo matano kwenye kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data: anwani inakotoka, anwani inakokwenda, poti ya huku, poti ya kule, na itifaki, yaani kanuni ya mazungumzo. Poti ni namba ya mlango wa huduma ndani ya mashine. Nasema poti kwa sababu nikisema bandari, nyie mawazo yatakwenda Kilindini. Pakiti zinazolingana kwa hayo matano huhesabiwa mtiririko mmoja. Mtiririko ukinyamaza, mara nyingi kwa sekunde 15, ruta huufunga, huandika pakiti ngapi na baiti ngapi zimepita, kisha hutuma rekodi kwa seva ya kukusanyia. Mfumo wa Cisco, watengenezaji wa ruta, wa kuandika rekodi hizi unaitwa NetFlow; katika toleo lake la 5 rekodi moja ni baiti 48 tu. Siku hizi kuna IPFIX, kanuni ya pamoja isiyofungwa kwa kampuni moja, lakini wazo ni lile lile.

Sasa kisa. Niliitwa kwenye ofisi moja hapa kisiwani. Intaneti inatambaa. Bosi keshapata mkosaji: askari wa usiku, eti anatazama mpira. Barua ya onyo imeshachapwa.

Nikatazama grafu ya matumizi: laini haikufika hata nusu. Hapo grafu imefika mwisho wake, haina la kukwambia zaidi. Nikawasha NetFlow kwenye ruta, upande wa ndani, maana ukipimia nje anwani zote zinageuka moja na humjui nani ni nani. Ruta yenyewe ndogo, inaandika kila kitu. Zile kubwa za kampuni za intaneti mara nyingi huchukua sampuli, pakiti moja kati ya elfu, na vitu vidogo vinapenya.

Chetu kilikuwa kidogo hasa. Anwani moja ya ndani, maelfu ya mitiririko kwa dakika, kila mmoja pakiti moja ya baiti 40, kila mmoja kwa anwani tofauti duniani, zote poti 23, mlango wa Telnet, njia ya zamani ya kuingia mashine kwa mbali. Kwenye safu ya bendera, yaani alama za kila pakiti, herufi S peke yake. S ni hodi ya TCP, itifaki ya kuunganisha mashine mbili. Mwenye nyumba akiitikia, mazungumzo yakaendelea, ungeona na A. Hapa mtu anabisha mlango baada ya mlango, haitikiwi. Kila hodi inashika nafasi kwenye jedwali la ruta la kukumbuka nani anazungumza na nani, jedwali linajaa, na wenye kazi zao wanakosa pa kupita.

Rekodi zilionyesha mambo yalinyamaza, kisha yakaanza tena 16:05. Saa kumi alasiri! Nikawatilia shaka makarani, nao wapo ofisini. Kumbe seva yangu inahesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Ongeza saa tatu: saa moja na dakika tano usiku. Siku hiyo stima ilikatika, ikarudi saa moja kamili.

Hapo nikaelewa. Anwani ile ilikuwa ya mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, na neno lake la siri ni lile la kiwandani. Ni tabia ya Mirai, ile programu hasidi iliyosumbua dunia 2016: hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima mashine inafutika. Ukiiwasha na neno la siri ni lile lile, inaingia tena baada ya dakika chache.

Iliingiaje? Mtu alitaka kuona kamera kwa simu akiwa nyumbani, fundi akaianika mashine nzima kwenye intaneti. Mtu huyo ni bosi.

Barua ya askari ilichanwa mbele yangu. Kisha bosi akavuta kiti: “Kwa hivyo naweza kujua kila mfanyakazi anaingia wapi?” Nikamwambia hapa Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, awaeleze watu wake kwanza anakusanya nini na kwa nini. Na kama ana haraka, tuanze na simu yake. Akasema si lazima leo.