Kigoma sio mwisho wa reli

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo. Naona kuna watu wamesimama huko nyuma, jamani viti vipo hapa mbele, hakuna atakayeulizwa swali, njooni.

Haya. Nimeambiwa niongee kuhusu jiografia ya binadamu, jinsi inavyoeleza mahali na mahali panavyoungana, tamaduni, mipaka, vitu vyote hivyo. Sasa nikianza na maana ya jiografia nusu ya ukumbi mtalala, kwa hiyo naanza na kwetu. Mimi ni mtu wa Kigoma.

(Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Mwisho wa reli!")

Eeh, asante kaka, hiyo ndo nilikuwa naisubiri. Toka nije Dar kusoma, kila nikitaja kwetu naambiwa mwisho wa reli, kama vile ukishavuka stesheni ya Kigoma dunia inakatika kuna shimo. Na ukiangalia ramani ya ukutani kule shule ya msingi kweli unaona hivyo, reli inatoka Dar, Moro, Dodoma, Tabora, inakwenda inakwenda kilomita 1,250 hivi inagonga ziwa basi. Ziwa limepakwa bluu, halafu ng'ambo yake Kongo imeachwa nyeupe, hakuna mji, hakuna barabara, maana ramani ni ya Tanzania. Mtoto anakua anaamini kule ng'ambo hakuna watu.

Sasa twende Kibirizi alfajiri. Kibirizi ni ufukwe hapo hapo Kigoma mjini, upande wa kaskazini, ndo zinapoegesha boti za mbao. Unakuta makuli wako ndani ya maji mpaka kiunoni, gunia kichwani, wanapakia saruji, sabuni, biskuti, mabati, madumu matupu, yaani duka zima linaingia kwenye boti moja. Zinazotoka Kongo zinashusha vitenge. Pembeni kuna wabadilisha pesa wamekaa na vibunda, shilingi, faranga za Kongo, faranga za Burundi, dola, na hesabu wanapiga kichwani. Kuna siku nilisimama nyuma ya mama mmoja anauza mihogo na dagaa wa kukaanga, mteja wa kwanza kamsalimia kwa Kiha, wa pili kwa Kirundi akajibu vile vile maana vinasikilizana, wa tatu kaja na Kiswahili cha ng'ambo, "mama, iko?", anamuulizia mwenye boti, naye akamjibu "iko", sio "yupo", bila hata kugeuza shingo, mkono uko kwenye karai. Mimi niliyesomeshwa sanifu nikawa nimesimama tu na noti yangu ya elfu mbili.

Kuna mwanajiografia Mmarekani anaitwa Waldo Tobler, mwaka 1970 alisema kitu ambacho wanaosoma jiografia wanakikariri kama dua, kwamba kila kitu kina uhusiano na kila kitu kingine, ila vya karibu vina uhusiano zaidi kuliko vya mbali. Sawa, hamna anayebisha. Ubishi uko kwenye hilo neno karibu. Karibu kwa kipimo gani? Ziwa Tanganyika ni refu sana, kilomita 670 hivi, lakini upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50 tu, siku hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo kwa macho yako. Dar huioni. Yule mama wa dagaa Dar anaisikia redioni, Kongo anainusa kwa harufu ya mawese. Kwa hiyo karibu inapimwa kwa nauli, kwa lugha, kwa una shemeji wapi, na kwa nani atakukopesha ukikwama.

Na huu ukaribu haukuja wenyewe, ulitengenezwa, na sehemu nyingine ulitengenezwa kwa ubaya. Ujiji, hapo jirani na Kigoma mjini, mnaijua, wengi mnajua ya Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, tuwaachie hao wamepigwa picha za kutosha. Mimi ukinipeleka Ujiji naangalia miembe. Ile miembe mikubwa mnayoiona Ujiji, na Tabora pia, ni alama ya njia ya misafara iliyokuwa inatoka Bagamoyo, watu wanatembea kwa miguu miezi na miezi, wanakwenda na nguo na shanga, wanarudi na pembe za ndovu, na watu. Watumwa, tuseme tu neno lenyewe. Ujiji haikuwa mwisho wa ile njia, ilikuwa kituo, unapumzika, unatafuta mtumbwi, unavuka unakwenda Manyema, Kasongo huko, ndani ya Kongo. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alitoka Zanzibar akapita njia hizo akajijengea himaya kule Kongo mashariki. Ndo maana leo ukienda Kindu au Kisangani unakuta watu wanaongea Kiswahili, na Kongo imekifanya kimoja ya lugha zake nne za taifa pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Na kwa upande wetu huku ndo maana kuna Wamanyema, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, mpaka hapa Dar. Mababu wengine walikuja kama wapagazi, wengine walikuja wamefungwa. Lugha ile ile, msikiti ule ule, biriani lile lile, lakini ukiuliza vilifikaje jibu lina minyororo ndani yake. Jiografia ikikuonyesha mshale tu kwenye ramani, "Kiswahili kilienea", bila kukuambia nani alikuwa amebeba mzigo kichwani, imekudanganya nusu.

Reli sasa. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na mnadhani walihangaika hivyo kwa ajili ya migebuka, samaki wetu wa ziwani? Walikuwa wanataka mzigo wa Kongo. Ona meli ya Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000 hivi, ikaja Dar kwa bahari, ikapanda reli, ikaungwa tena Kigoma ikateremshwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata vita vikawazidi, mafundi wake wakaipaka grisi mashine wakaizamisha wenyewe, nadhani walidhani watarudi. Hawakurudi. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Meli ya vita ya Mjerumani ikawa inabeba mama zetu na mananasi, bandari nyingi za njiani zilikuwa hazina hata gati, mitumbwi ilikuwa inaifuata katikati ya maji watu wakirushiana mizigo.

Na Wabelgiji, waliokuwa wanatawala Kongo, walijua Kigoma ni mlango. Mwaka 1921 wakaelewana na Waingereza wakapewa eneo Kigoma na eneo lingine bandarini hapa hapa Dar, kodi faranga moja kwa mwaka. Moja! (Kicheko.) Hebu mtafuteni mwenye nyumba wa hivyo Sinza. Mzigo wa Kongo na Burundi unashuka Dar, unapanda treni, unapanda meli, unakwenda. Sasa hapo sema mwenyewe, mwisho wa reli uko wapi?

Tuje kwenye mpaka kidogo. Mjerumani alikuwa anatawala Tanganyika na Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, pamoja, baada ya vita ya kwanza zikagawanywa, huku Mwingereza, kule Mbelgiji, na mstari ukapita katikati ya watu wanaoelewana lugha, wameoana, wanalima mabonde yanayotazamana. Sikatai mpaka, nchi lazima iwe na mpaka. Ila mzigo wake haumwangukii kila mtu sawa. Mimi nilishawahi kwenda ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia karatasi, kijana akaangalia jina langu, akaangalia nilikozaliwa, akaniuliza cheti cha kuzaliwa cha babu. Cha babu! Nikamuuliza na wewe cha babu yako unacho, akacheka, lakini nilirudi pale mara nne. Rafiki yangu wa Singida alimaliza siku moja. Basi hiyo nayo ni jiografia ya binadamu, mwandikie mtihani hivyo hivyo.

Dagaa wao hawaulizwi vyeti. Wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika, bei inapanda, kwa hiyo soko letu linafuata mwezi kuliko kalenda ya serikali. Na samaki yule yule akikimbia nyavu za Kigoma atakutana na nyavu za Uvira kule Kongo, au za Rumonge kule Burundi, au Mpulungu kule Zambia. Nchi nne zinachota kwenye sufuria moja. Ilibidi wakae wakubaliane, ndo mkaona 2024 uvuvi ziwani umefungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazaane. Kwetu watu walilalamika, haki yao, miezi mitatu bila kipato sio mchezo, lakini ukifunga peke yako unamfugia jirani.

Naona mkono. Ndio dada.

(Swali: Mwalimu, kama Kigoma ni katikati hivyo, mbona imekaa nyuma muda wote?)

Swali zuri, na linauma. Kuwa katikati ya njia sio kuwa katikati ya maamuzi. Barabara inapangwa kutoka makao makuu, na ukipima kutoka makao makuu Kigoma ni ya mwisho, kwa hiyo inapata mwisho. Lami ilichelewa, na umeme kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Halafu vita. Njia ikiwa inakwenda Burundi na Kongo, basi Burundi ikiwaka 1972, ikiwaka tena 1993, Kongo ikiwaka 1996, wanaopita kwenye njia sio vitenge tena, ni watu na magodoro. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko huko Kigoma, ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo wa 1996 na mpaka leo kuna watu wamezaliwa mle, wameolewa mle. Wanaongea Kiswahili kuliko mimi. Muulize mmoja wao Kigoma ni mwisho wa nini, sidhani atakutajia reli.

Swali lingine? Yule kaka wa mwisho wa reli mbona kanyamaza, lete maiki kwake.