Baridi Haitoboi Jino

(Mazungumzo na wazazi na walezi kwenye mkutano wa shule ya msingi, Mufindi, Iringa, tarehe 20 Machi, Siku ya Kinywa na Meno Duniani)

Kamwene wazee wetu, kamwene kina mama. Mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wenzangu, asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeona majembe yameegeshwa pale ukutani, najua kuna watu wanarudi shambani, kwa hiyo sitawaweka mpaka giza.

Nianze na neno ninaloambiwa kila mwaka ukifika mwezi wa saba. Mtu anaingia chumba cha matibabu, koti juu ya koti, shavu kalishika kwa kiganja, ananiambia: "Daktari, baridi ya mwaka huu imeniharibia jino." Namwambia afungue mdomo, naangalia, nakuta shimo linaloingia ncha nzima ya kifaa changu. Shimo kama hilo halichimbwi kwa wiki mbili za baridi. Limechukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, likichimbika kimya kimya bila kuuma. Baridi imelikuta lipo. Na hilo ndilo lililonileta leo: jino huharibika msimu mmoja, likauma msimu mwingine, halafu lawama tunaupa ule msimu uliolikuta.

Wengi tumekua tukiambiwa jino linaliwa na mdudu. Mdudu wa kuonekana kwa macho hayupo. Kuna bakteria, wadogo mno, wanaoishi kwenye ule ukoga unaonata juu ya meno. Wewe ukila sukari, na wao wanakula, kisha wanatoa asidi, na asidi hiyo inanyonya madini kutoka kwenye gamba gumu la jino. Mungu ametupa mate. Mate yanaisafisha ile asidi na kurudisha madini, lakini yanahitaji muda, nusu saa hadi saa nzima hivi. Sasa chukueni kikombe kimoja cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Ukikinywa pamoja na mihogo yako saa moja asubuhi ukamaliza, jino limeshambuliwa mara moja, na mate yana asubuhi nzima ya kutengeneza. Kikombe hicho hicho ukikiweka pembeni ukanywa funda moja moja mpaka saa tano, mate hayapati nafasi hata kidogo. Sukari ni ileile, madhara ni tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu sukari, kabla sijamuuliza anatumia kiasi gani, namuuliza anaitumia mara ngapi kwa siku.

Na sasa hivi tuko kwenye msimu gani? Mvua. Milanzi, ile mianzi ya pombe, inatiririka. Hapa nitasema taratibu, kwa sababu ulanzi, maji yanayokingwa kwenye mianzi hiyo, ni kilimo cha watu na ada za shule za watoto wengi zimetoka kwenye mbeta, vile vyombo vya kukingia. Ninachoomba ni kwa watoto tu. Mtoto anatumwa asubuhi kukinga, anaonja. Jioni anarudi, anaonja. Ule mtogwa, yaani ulanzi wa siku ileile, ni mtamu kwa sababu umejaa sukari, haujageuka kuwa pombe bado. Nyumbani anakuta togwa, ile ya nafaka, kwenye ndoo, anachota kila akipita. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kinywa hakipumziki. Halafu mwezi wa saba analia usiku, na sisi tunamfunga shuka kichwani tukisema ni upepo. Togwa ni chakula kizuri, apewe na chakula chake, kikombe kimoja, amalize, asukutue na maji. Ndoo ifunikwe.

Kwa wazee wanaokunywa mkangafu, ulanzi uliokwisha kuchacha: sukari nyingi imeshageuka pombe, lakini pombe ikikutana na tumbaku, iwe sigara au ugoro, huongeza sana hatari ya saratani ya kinywa. Kidonda chochote mdomoni, au doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili, hata kama haliumi, njooni lionekane. Msisubiri mavuno.

Msimu huu wa mvua una jambo lingine, na hili naomba kina mama mnisikilize kwa moyo. Maji yanachafuka, watoto wachanga wanaharisha na kupata homa. Mtoto wa miezi mitano, sita, fizi zake zimevimba kidogo, ukiangalia mahali pa chonge unaona kama kiweupe kinajitokeza. Anatokea mtu anasema: haya ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto anakufa. Habari hii ilienea nchini tangu miaka ya 1980 na haijaisha. Wanachukua spoku ya baiskeli, au msumari, au kisu, wanachimbua fizi ya mtoto bila ganzi, wanamwonyesha mama kitu laini cheupe, "umeona, plastiki yenyewe." Mama zangu, kile ni chonge. Ni jino la mtoto wako likiwa bado changa, halijakomaa kuwa gumu. Kila mtoto aliyezaliwa duniani analo. Linapochimbuliwa mtoto anaweza kutoka damu isiyokatika, anaweza kupata pepopunda, anaweza kuambukizwa virusi kwa chuma kilichotoka kwenye mdomo wa mwingine. Na jino la ukubwani linalokua chini yake linaweza kuharibika kabla halijatoka. Kuhara kumebaki palepale. Mtoto anayeharisha anataka maji ya chumvichumvi ya paketi, anataka zinki, anataka kuendelea kunyonya, na anataka kufikishwa zahanati. Bibi akisema ni meno ya plastiki, msigombane naye, maana anasema kwa uchungu wa mjukuu. Mwambieni tunaenda kwanza zahanati. Mkienda zahanati, tayari mmeshamwokoa.

Twende kwenye baridi.

Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu mnajua wenyewe, kuna asubuhi majani yamefunikwa sakitu kama unga. Mtoto gani atatoka nje ashike maji ya ndoo apige mswaki? Anachovya, anajifanya amepiga, anakimbia shule. Usiku ndiyo kabisa, anatoka mekoni akiwa amepata joto, anaingia kwenye blanketi na ladha ya chai mdomoni. Na usiku mate hupungua sana, kwa hiyo sukari aliyolala nayo inafanya kazi mpaka alfajiri. Ikiwa mtalishika moja tu leo, lishikeni hili: mswaki wa usiku ndiyo wenye thamani kubwa kuliko wote. Msingoje saa ya kulala. Mkimaliza ugali, moto bado unawaka, birika lina maji ya vuguvugu, toeni miswaki, pigeni hapohapo mekoni familia nzima, temeni kwenye beseni. Baba naye apige, watoto wamwone. Baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Kwenye boksi tafuteni namba iliyo kati ya 1000 na 1500, imeandikwa karibu na herufi ppm. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu wekeni kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere, na njegere hapa hatuna shida ya kuzijua. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ile dawa kidogo inayobaki ndiyo inayofanya kazi. Na mpaka afike miaka saba au minane, mkono wa mzazi uwe juu ya mkono wake.

Watu wa Mufindi, sisi tunalima chai, kwa hiyo niwaambie jambo litakalowafurahisha. Mchai ni mmea unaovuta floraidi kutoka kwenye udongo na kuitunza kwenye majani. Chai ya rangi bila sukari haina ugomvi na jino. Ugomvi unaletwa na vile vijiko. Punguzeni kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao, ulimi utazoea.

Sasa ile ganzi ya asubuhi, meno yanasisimka ukivuta hewa ya baridi. Chini ya gamba la juu la jino kuna tabaka lenye vijitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Gamba likilika, au fizi ikirudi nyuma, vijitundu vinabaki wazi na baridi inapita moja kwa moja. Nani anayelila gamba? Mara nyingi mkono wetu wenyewe. Mswaki mgumu unasuguliwa kama sufuria yenye masizi, na mkaa uliosagwa, na majivu. Najua mkaa unang'arisha, hata msasa unang'arisha. Tumieni mswaki laini, mkono mwepesi, mizunguko midogo kwenye mpaka wa jino na fizi. Fizi ikitoka damu msiikimbie, hapo ndipo ukoga ulipo, safisheni kwa upole kila siku, na damu ikiendelea baada ya wiki mbili njooni. Wajawazito na wenye kisukari waje mapema zaidi.

Midomo kupasuka ni ya baridi kweli, na mafuta ya mgando yanatosha, mradi mtoto aache kuilamba. Ila pembe za mdomo zikichanika na zisipone, hiyo inaweza kuwa fangasi au upungufu wa damu. Aonekane.

Baridi inaisha, vumbi linaanza, mahindi yameshuka. Na hapa nina ombi kubwa kwa kina baba. Katika mwaka mzima wa mkulima, mwezi wa nane na wa tisa ndiyo mna fedha mkononi na nafasi kidogo. Mnanunua mabati, mnanunua mbolea ya msimu ujao. Wekeni na jino kwenye hesabu hiyo. Anayekuja mwezi wa nane na shimo dogo, namziba anarudi nyumbani na jino lake. Anayengoja, jino linamwamsha mwezi wa kumi na mbili, kupanda kumepamba moto, barabara ni tope, mfukoni hamna kitu, na linalobaki ni kung'oa. Wengi wanaofika kwangu wanakuja kung'oa. Inaniuma kila siku, kwa sababu mengi kati ya meno hayo nilikuwa na uwezo wa kuyaokoa.

Mtajuaje kwamba muda bado upo? Jino likishtuka kwa maji ya baridi na kutulia mara moja, muda upo. Likiendelea kuuma dakika nyingi, likapiga usiku kama ngoma, likashtuka kwa kitu cha moto, mshipa unakufa. Na likiuma wiki nzima halafu likanyamaza lenyewe, halijapona. Mshipa umekufa, na usaha unaweza kuwa unajikusanya chini. Msiweke maji ya betri wala mafuta ya taa, yanaunguza fizi. Aspirini isibandikwe kwenye jino wala fizi. Karafuu inatuliza kwa muda mfupi, sawa, itumike njiani ukija. Vidonge vya rangi mbili vya dukani, vile vya antibayotiki, haviponyi jino lililotoboka. Na dawa inayoitwa tetrasaiklini asipewe mtoto wa chini ya miaka minane wala mjamzito, huyapaka meno ya mtoto rangi ya kahawia isiyofutika. Shavu au chini ya kidevu kukivimba, mdomo ukashindwa kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, hapo si zahanati tena wala kesho: ni hospitali, usiku huohuo, hata kwa bodaboda.

Waliochagua tarehe ya leo, 20 ya mwezi wa 3, walikuwa na hesabu kichwani: mtoto ana meno 20, mtu mzima 32, na mzee anatakiwa abaki na yasiyopungua 20. Mimi ninayesimama hapa sijafikisha hizo 32. Nilipokuwa na miaka tisa, gego langu la chini kulia lilitoboka. Mama alinibeba kwenye baiskeli mpaka mahali palipokuwa na huduma, likang'olewa, na tukaambiwa wote wawili, "usijali, ni la utoto, litaota jingine." Nilingoja. Kila asubuhi napitisha ulimi pale. Mpaka nimefika chuoni, nimefungua kitabu, ndipo nikajua kwamba lile lilikuwa gego la ukubwani, na hakuna jingine lililokuwa linakuja. Mama hakukosea, aliamini alichoambiwa. Lakini hakuna mzazi wa shule hii atakayesema hakuambiwa.

Mtoto akifika miaka sita, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto, yanaota magego manne. Hayasukumi jino lolote, hayatoi damu, hayana sherehe ya kutupa jino juu ya bati. Yanaota kimya na mzazi anadhani ni ya utoto. Ndiyo ya maisha. Yana mifereji mirefu juu, mswaki wa haraka haufiki, na mtogwa wa msimu huu unaingia humo wa kwanza.

Mwalimu, naomba tuanze na darasa la kwanza. Tochi ninayo, maji ya kunawa yako kwenye ile ndoo ya bluu. Kila mzazi asimame bega kwa bega na mtoto wake, nikimfungua mdomo ainame aangalie nyuma kule, alione lile gego kwa macho yake.