Jicho la Daktari Hukuaje?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wenzangu na wanafunzi wa udaktari mliofika hapa Dodoma jioni ya leo, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia namna jicho la daktari linavyojifunza kusoma picha za eksirei.

Nitaanzia malishoni. Mchungaji wa Kigogo anaporudisha ng'ombe zizini jua likizama, hahitaji kuwahesabu ili ajue kwamba mmoja hayupo. Hulitazama kundi zima, akahisi pengo, ndipo anapoanza kutafuta ni yupi aliyepotea. Bingwa wa radiolojia, yaani daktari aliyebobea katika kusoma picha za eksirei, hufanya karibu vivyo hivyo. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Harold Kundel na Calvin Nodine, waliwaonesha mabingwa picha za kifua kwa sehemu ya tano tu ya sekunde, muda usiotosha jicho kuzunguka picha, na bado walitambua kasoro kwa asilimia 70. Walipopewa muda wa kutosha, walifikia asilimia 97. Mwanafunzi, kwa upande wake, huenda kipande kwa kipande, akihesabu mbavu na kufuata ukingo wa moyo, na mara nyingi humaliza ziara hiyo bila kujua amepita wapi.

Mtazamo huo wa jumla hujengwa na picha za watu wasio wagonjwa, na hapa naamini tunakosea katika ufundishaji. Tunapenda kuonesha pango kubwa la kifua kikuu au pafu lililozama majini, kwa kuwa picha hizo hazisahauliki. Lakini asiyeona mamia ya vifua visivyo na ugonjwa, vya wazee na vijana, vya wanene na wembamba, atajuaje kwamba kile kidoa cha mviringo ni mshipa wa damu uliotazamwa kwa mbele, au ni kivuli cha chuchu tu?

Hata hivyo, kuangalia si kuona. Kundel na wenzake, mwaka 1978, walipofuatilia mwendo wa macho ya wasomaji, walikuta kwamba, kwa zaidi ya nusu ya vinundu (vivimbe vidogo vya mviringo ndani ya pafu) ambavyo havikutambuliwa, jicho lilikuwa limekwisha kutua juu yake. Mwaka 2013 watafiti wengine wa Marekani walipachika umbo la gorila, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, ndani ya picha za CT za mapafu, yaani eksirei zinazoonesha mwili kipande kwa kipande, na mabingwa 20 kati ya 24 hawakuliona, kwa sababu walikuwa wakiwinda vinundu.

Kosa linaloniuma zaidi ni langu mwenyewe. Nikiwa katika mafunzo kwa vitendo, aliletwa mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyeanguka shimoni. Nikaona ubavu uliovunjika, nikaridhika, nikaandika majibu. Sikuona kivuli kilichojificha nyuma ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, kwenye ncha ya juu ya pafu. Miezi mitatu baadaye alirudi akikohoa, na makohozi yake yalikuwa na vimelea vya kifua kikuu. Nilipoitoa picha ile ya kwanza, kivuli kilikuwapo, dhahiri kabisa.

Nilijifunza kwa sababu tu nilikuwa zamu siku aliyorudi, na hilo linanisumbua hadi leo. Mchungaji hupata jibu lake usiku uleule: ng'ombe hupatikana, au mzoga wake. Sisi husoma picha, tukaipeleka wadini, na mgonjwa akaenda zake. Jicho linaweza kusoma picha elfu bila kuambiwa hata mara moja kwamba lilikosea.

Kwa hiyo ninawaomba wanafunzi muwe na daftari. Andikeni mlichokiona kabla ya kusoma majibu ya bingwa, mkitaja pia mahali mlipotilia shaka. Kisha, wiki mbili baadaye, nendeni wadini au maabara mkaulize makohozi yalisema nini, na daktari wa upasuaji alikuta nini. Ukikuta umekosa, itafute picha ileile, uitazame upya mpaka uone, na ukishaona usiache kuendelea kutafuta hadi umepita nyuma ya moyo, nyuma ya mitulinga na chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo.