Kosa Lenyewe Ni Shairi: Qays na Layla kwa Jukwaa la Kiswahili

(Mhadhara kwa waandishi na waigizaji wa tamthilia, Bagamoyo)

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kisa mnakijua, kwa hiyo sikisimulii kwa urefu: Qays anampenda Layla, ananyimwa, Layla anaolewa na Ward, na Qays anakufa kwenye kaburi la Layla. Qays bin al-Mulawwah wa Banu Amir, kule Najd, Bara Arabu, zama za makhalifa wa Bani Umayya, na Layla binti wa ukoo wake. Mshairi Nizami alikitunga kwa Kiajemi mwaka 1188. Mshairi Ahmad Shawqi akakifanya tamthilia ya kishairi kule Misri mwaka 1931, mwaka mmoja kabla hajafa. Ninalolisema leo ni lile lile ninalolisema kila nikipewa nafasi, na nitalirudia mpaka nilione limefuatwa jukwaani.

Qays hakunyimwa Layla kwa ufukara wala kwa ugomvi wa koo. Alinyimwa kwa sababu alimtunga. Kwa mila ya watu wale, binti akishatajwa kwa jina katika mashairi ya mapenzi na mashairi yakaenea, haozwi tena kwa aliyemtaja, maana kumwoza ni kukiri kwamba yaliyoimbwa yalitendeka. Kosa lenyewe, basi, ni shairi. Sasa chukueni miswada inayoandikwa juu ya kisa hiki. Utakuta baba mkali, utakuta bwana harusi mwenye mali, na mashairi yamewekwa pembeni kama pambo, msichana akilia basi ubeti mmoja. Mkiandika hivyo mmeondoa sababu ya msiba na kubakiza machozi yake.

Hapa ndipo penye kazi ya ufundi. Tamthilia nzima ni ya kishairi: baba anasema kwa mizani (silabi zilizohesabiwa), mtumwa anasema kwa mizani, mlinzi wa ngamia anasema kwa mizani. Qays akisimama kutunga, mtazamaji atajuaje kwamba sasa ni shairi na lile la mwanzo lilikuwa mazungumzo? Wote mkiwapa tarbia, shairi la beti za mistari minne, hajui. Ile sekunde ambayo jina linatoka na maisha yanaharibika inampita akiwa anatafuta kiti.

Tenganisheni bahari, yaani mitindo ya ushairi. Mazungumzo yote yawe mstari wa mizani 8, bila kina. Shairi la Qays, na la Qays peke yake, liwe tarbia kamili: mistari minne, ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) mizani 8, utao (nusu ya pili) mizani 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Sikio la mtu wa pwani limelelewa na kasida, maulidi na mashairi ya redioni. Halihitaji kuelezwa. Kina cha kwanza kikirudi katika mstari wa pili, ukumbi unatulia wenyewe.

Angalieni mstari wa mazungumzo unavyoweza kugawanywa kwa watu wawili. Qays amekuja hemani kuomba kaa la moto, usiku:

— Wataka nini? — Moto tu.
— Jiko lenu? — Limezima.

Tano na tatu, kisha nne na nne. Kila mstari una mizani 8, na hakuna anayehisi anahesabiwa. Anayejibu asingoje. Akingoja, mizani inavunjika na mstari mmoja unasikika kama miwili mibovu. Sasa shairi:

Leila jina tukufu, hulitaja nikilala,
Nalitaja bila hofu, mbele ya kila kabila.

Hata asiyejua neno "ukwapi" anasikia kwamba mtu amebadilika mdomoni. Na sikilizeni anachokisema: mbele ya kila kabila. Amejihukumu mwenyewe, kwa vina safi.

Kuna jambo dogo linaloharibu mazoezi mengi. Jina lina mizani mingapi? Mimi nalihesabu Le-i-la, tatu. Mwigizaji mwingine atasema Lay-la, mbili, na mstari umepungua. Qays ndiyo taabu zaidi: mdomo wa Kiswahili husema Ka-i-si, tatu. Amueni kabla ya kuandika mstari wa kwanza, andikeni uamuzi huo ukurasa wa mbele wa muswada, na mwelekezi ausome siku ya kwanza.

Najua wapo wanaoshika kanuni watakaosema mstari usio na kina si ushairi, na kwamba mishata, mistari ambayo maana yake haiishii pale inapokatika, ni dosari. Katika shairi la kusimama peke yake, wana hoja. Jukwaani, mshata ndio unaookoa. Neno la Kiswahili lina mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mstari unaoishia na kituo unaanguka vile vile, na ukiwa na mistari 200 inayoanguka vile vile mtazamaji analala. Acheni sentensi ivuke mstari, iishie katikati ya ule wa pili. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakung'ang'ania vina, na Kiswahili hakikupungukiwa na lolote. Hoja hii tuimalize.

Dosari ya kweli ni kuchomeka. Umebakiwa na mizani mbili, unatia "kweli". Umebakiwa na tatu, unatia "sikia". Msomaji wa kitabu anavumilia. Mwigizaji hana la kufanya na neno hilo, mkono wake haujui uende wapi. Likikosa kazi, vunjeni mstari wote muusuke upya.

Urefu nao. Ubeti wa tarbia una mizani 64, na ukighaniwa kwa utulivu unakaribia nusu dakika. Beti 12 ni dakika sita za mtu mmoja amesimama. Mpeni Qays beti tatu, zikizidi sana tano.

Na kibwagizo. Hili ndilo nisingependa mlisahau. Watazamaji wetu hawanyamazi. Wanapokea, wanapiga vigelegele, wanatunza. Waandishi wengi wanaliogopa hilo na waelekezi wanawanyamazisha watu. Msiwanyamazishe! Mpeni Qays kibwagizo chepesi:

Leila wangu Leila, nani asiyemjua?

Ubeti wa kwanza anakighani peke yake. Wa pili, waigizaji waliokaa katikati ya watu wanapokea. Wa tatu, ukumbi mzima unapokea. Papo hapo taa inahamia kwa Layla, na baba yake amesimama nyuma yake, anasikia jina la mwanawe likitoka katika midomo ya watu mia tatu. Hakuna haja ya hotuba ya kueleza mila ya Najd. Watazamaji wamelitenda kosa wenyewe, na wanaliona linamfikia nani.

Ndiyo maana baba asiwe jabari. Shawqi aliliona hili vizuri mno: mjumbe Ibn Awf anapokuja kumwombea Qays, baba anamwachia Layla uamuzi, na Layla mwenyewe anamkataa Qays, anamchagua Ward kulinda heshima, kisha anajuta. Jibu lake la kukataa liandikeni bila kina hata kimoja. Mpeni kina mara moja tu katika mchezo wote, baadaye, akiwa mke wa Ward: Qays anaghani ukwapi, sauti inamkatika, Layla anaujaza utao.

Kuna wanaouliza kama Qays alikuwapo kweli. Kitabu al-Aghani chenyewe, mkusanyiko wa Kiarabu wa nyimbo na mashairi wa karne ya 10, kinataja waliotilia shaka. Mtunzi wa tamthilia hazuiliwi na shaka hiyo, tuendelee.

Tukio la kaa: kwa Shawqi, Qays anazungumza na Layla moto unamuunguza naye hana habari. Msitumie kaa la kweli, hasa mkicheza wazi ufukweni msimu wa kusi. Upepo unarusha cheche na maleba ni kitambaa chepesi. Chungu, taa ndogo nyekundu ya betri, majivu makavu juu yake. Mwigizaji asiutazame mkono wake hata mara moja. Layla ndiye anayeutazama.

Muziki sina muda nao. Ud au ngoma, vyote sawa, ila visipigwe chini ya mazungumzo.

Kifo cha Qays kwenye kaburi la Layla: msimpe Qays tarbia kamili. Ubeti wa mwisho ufe mstari wa tatu, kwenye ukwapi, na kibwagizo kisiimbwe. Watu wataanza kukipokea kwa mazoea, waacheni waanze.

Mezani hapo kuna karatasi za tukio la hemani, nimeziandika mfululizo kama nathari, bila kukata mistari, ili msizisome kwa wimbo. Kaeni watatu watatu: Qays, Layla, baba. Tafuteni wenyewe mistari inakokatika, kisha tusikilize.