Utando wa seli si mfuko

Ndugu walimu na wanafunzi, mchoro wa seli mnaujua, kwa hiyo sitapita sehemu moja moja. Nataka tukae kwenye ule mstari wa nje ambao kila mtu huuchora harakaharaka, akaandika "utando wa seli", kisha akakimbilia kiini. Mtihani ukiuliza kazi yake, jibu ni lilelile: kuitenganisha seli na mazingira yake. Hata mfuko unafanya hivyo!

Tazameni seli nyekundu ya damu ya binadamu. Ikishakomaa haina kiini, haina mitokondria (vinu vya nishati), haina ribosomu (viunda protini). Haigawanyiki wala haitengenezi protini mpya. Hata hivyo huzunguka mwilini siku 120 hivi. Lakini utando wake ukipasuka, himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, yote humwagika na seli imekwisha papo hapo. Anayefundisha kwamba kiini ndicho uhai wa seli anijibu hapo kwanza.

Mtasema utando ni mafuta tu. Ni kweli, ni tabaka mbili za lipidi, unene wake nanomita 7 au 8 hivi. Lakini humo zimepachikwa protini zisizopumzika. Mojawapo ni pampu ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957. Kila mzunguko hutoa nje ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu, huingiza 2 za potasiamu, na hutumia molekuli 1 ya ATP, yaani kibeba nishati cha seli.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanajua kwamba seli nyekundu ya damu ikitiwa kwenye maji matupu huvimba ikapasuka, kwenye maji ya chumvi ya asilimia 3 husinyaa, na kwenye asilimia 0.9 hubaki na umbo lake. Basi wanadhani kwenye 0.9 hakuna kinachoendelea. Kinaendelea! Sodiamu huvuja kuingia ndani muda wote, na pampu huirudisha nje muda wote. ATP ikikosekana, sodiamu hurundikana, maji huifuata, seli huvimba. Ndiyo maana damu inayohifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 6 za Selsiasi huongezeka potasiamu nje ya seli kadiri siku zinavyopita: baridi huizorotesha pampu, lakini uvujaji wa potasiamu kutoka ndani haukomi.

Mbona seli ya kitunguu haipasuki kwenye maji? Kwa sababu nje ya utando ina ukuta wa selulosi. Vakuoli, kile kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli, hujaa, utando husukumwa ukutani, na ukuta hukataa kutanuka zaidi. Ukuta na utando ni vitu viwili, na darasani hilo linaonekana kwa macho. Bandueni ngozi nyembamba yenye rangi, upande wa nje wa gamba la kitunguu chekundu. Iwekeni juu ya tone la maji kwenye slaidi, mteremshe kioo cha kufunika kwa mshazari ili hewa isinaswe. Tazameni kwanza seli zilivyojaa rangi. Kisha tieni upande mmoja matone ya chumvi, gramu 5 katika mililita 100 za maji, na upande wa pili mguse kwa karatasi ya kunyonya ili maji ya chumvi yavutwe yapite chini ya kioo. Dakika chache tu, rangi inajikusanya katikati, utando unabanduka ukutani. Vuteni maji safi, unarudi.

Na tafadhali, msianze na iodini! Ni mazoea yanayoharibu zoezi zima. Iodini huonyesha kiini vizuri, lakini huua seli, na utando uliokufa hupitisha chumvi ovyo. Mwanafunzi hukodoa macho kwenye hadubini, haoni badiliko lolote, anaandika alichokariri.

Muda unanibana, na mitokondria sijaigusa. Kwa ufupi: molekuli moja ya glukosi (sukari) bila mitokondria huipa seli ATP 2, zikiwapo na oksijeni ikiwapo, ni 30 hivi, na katika seli za neva sehemu kubwa ya ATP huliwa na pampu hiyohiyo. Kiini? Kinatunza maelekezo ya kuitengeneza pampu hiyo. Ribosomu zilizo kwenye retikulamu (mtandao wa tando ndani ya seli) huiunda, vifuko vya Golgi huifikisha kwenye utando. Lisosomu na kloroplasti tutaziacha. Leteni maswali.